Unyevu Ndani ya Saa za Pikipiki ya Chama

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Makatibu na wajumbe wa Bodi za vyama vya msingi, Kharumwa)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Bodi, ndugu Makatibu wa vyama vya msingi, na ninyi ndugu wanachama mliokuja kusikiliza ingawa hamkuandikiwa barua:

Nilipoombwa kuzungumza nanyi, yamkini wengi mlitazamia kwamba nitasema habari za mizania, mikopo ya pembejeo na makisio ya mapato na matumizi. Hayo nimeyasema mara nyingi, na Mungu akinijalia nitayasema tena. Leo nataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachotoshana na bakuli la mboga, kilichofungwa mbele ya usukani wa pikipiki ya chama, ambacho Katibu hukitazama kila siku na Mkaguzi hukitazama mara moja kwa mwaka. Nazungumzia saa za pikipiki, yaani spidomita pamoja na geji ya mafuta, ambazo mafundi wetu huziita zote kwa jumla dashibodi. Na hasa nazungumzia ule ukungu na yale matone ya maji yanayoonekana ndani ya kioo chake wakati wa mvua.

Naona baadhi yenu mnatabasamu. Mimi pia ningetabasamu kama nisingekuwa nimeshiriki katika jambo nitakalowasimulia hivi punde.

Zamani Katibu wa chama alikwenda kwa baiskeli, na baiskeli haikuwa na saa ya kusoma wala petroli ya kuandikia hesabu. Vyama vilipovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982, baiskeli zilikuwa bado ndizo usafiri wa watumishi wengi. Leo chama chenye ghala na mizani kinahitaji pia pikipiki, kwa sababu wanachama wake wametapakaa. Katibu aliye hapa Kharumwa huenda akahitajiwa Busolwa asubuhi, Nyijundu mchana, na jioni awe amepita Bukwimba kumwona mkulima ambaye dawa yake ya pamba imepungua. Na tangu wilaya yetu ya Nyang'hwale ilipoanzishwa mwaka 2012 mambo mengi yamesogezwa karibu, lakini bado zipo barua zinazotutaka twende nazo Geita mjini wenyewe.

Sasa pikipiki imeleta daftari la safari. Safu zake mnazijua: tarehe, mahali, sababu ya safari, kilomita wakati wa kuondoka, kilomita wakati wa kurudi, lita za petroli, na sahihi. Kila anayekagua huanza na zile safu mbili za kilomita, kwa kuwa ndizo pekee ambazo Katibu hakuzitunga. Amezinakili kutoka kwenye chombo. Stakabadhi ya petroli huweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye kalamu, hasa pale petroli inapouzwa kwa chupa kando ya barabara, lakini tarakimu za spidomita huaminiwa kama shahidi asiye na ndugu. Pikipiki ya cc 125 au 150 iliyo nzima hutembea baina ya kilomita 35 na 50 kwa lita moja, kutegemea mzigo, barabara na mkono wa mpandaji. Mkaguzi hugawanya kilomita kwa lita. Akipata 40 hufunua ukurasa unaofuata. Akipata 15 huweka kalamu chini na kuuliza.

Mwaka 2016 nilikagua chama kimoja cha msingi katika ukanda wetu huu, ambacho sitakitaja jina. Hesabu zake za pamba zilikuwa safi, na akiba ya benki ililingana na kitabu. Nikafika kwenye daftari la safari. Kwa miezi mitatu ya mvua, Februari hadi Aprili, zilikuwa zimeandikwa kilomita 612 na petroli lita 41. Nikagawanya, nikapata chini ya kilomita 15 kwa lita. Nikagawanya tena.

Katibu alikuwa mtu mzima, aliyenizidi umri kwa miaka zaidi ya ishirini. Aliniambia: "Bwana Mkaguzi, miezi hiyo nimegawa dawa ya pamba katika vijiji vyote vya chama, kila wiki. Hiyo saa haisemi kweli." Nilitoka nje, nikawasha pikipiki, nikazunguka mara mbili katika uwanja wa ghala huku nikitazama mshale. Mshale ulipanda vizuri na kushuka vizuri. Nikarudi ndani nikamwambia: "Mzee wangu, spidomita ni nzima, nimeijaribu mwenyewe." Nikaandika hoja ya ukaguzi, kwamba lita 26 hazina maelezo ya kuridhisha.

Lita 26 si mali nyingi. Lakini hoja ya ukaguzi haipimwi kwa lita. Bodi ilimsimamisha kazi, na jina lake likasomwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, watoto wake wakiwa wamesimama dirishani. Kijana mmoja akawekwa kukaimu. Nilirudi mwezi wa Desemba kufuatilia utekelezaji wa hoja zangu, na kwa mazoea nikafungua daftari la safari. Juni hadi Septemba kijana huyu alikuwa na kilomita 38 kwa lita, safi kabisa. Oktoba zikashuka. Novemba zilikuwa 16. Nilikaa kimya kwa muda mrefu. Ama nilikuwa na wezi wawili wanaoiba wakati wa mvua tu na kuacha wakati wa kiangazi, au nilikuwa na spidomita inayougua mvua.

Tulimwita fundi akaifungua mbele ya Mwenyekiti. Ndani ya kioo kulikuwa na alama za maji kama zile zinazobaki ukutani baada ya nyumba kuvuja. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia na kukaa baina ya magurudumu madogo ya tarakimu. Kiangazi vumbi hilo lilikuwa unga, na magurudumu yaligeuka. Mvua zikianza lilikuwa tope, likayashika, na kijigurudumu cha plastiki kinachoyasukuma kikawa kinateleza kwenye mhimili wake bila kugeuza kitu. Fundi alizungusha waya kwa mkono, mshale ukapanda, na tarakimu zikakaa vilevile. Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu: mshale na tarakimu huendeshwa na waya mmoja, lakini ni vyombo viwili mbalimbali, na uzima wa kimoja si ushahidi wa uzima wa kingine.

Niliomba mkutano maalumu, nikafuta hoja yangu kwa mdomo na kwa maandishi, na Bodi ikamlipa mzee yule posho yake ya miezi yote. Akaombwa arudi kazini. Alisimama, akasema "Nimewasikia," akaenda nyumbani. Hakurudi. Tangu siku hiyo kila pikipiki ya chama ninayoikuta huitazama kioo kabla sijatazama daftari, na nimejifunza kwa mafundi mambo machache ambayo nataka niwagawieni.

Kwanza tujiulize maji huingiaje, maana watu wengi hudhani kuwa mvua hupenya tu kwenye ufa. Ufa ukiwapo ni kweli. Lakini hata dashibodi isiyo na ufa hupata maji, na sababu yake ni jua. Kasha la dashibodi aghalabu ni jeusi. Likisimamishwa nje ya ghala saa nane mchana huweza kufika joto la nyuzi 60, na hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoka kidogo kidogo kwa kila upenyo ulio wazi. Kisha huja mvua ya ghafla, kama mnavyozijua za hapa kwetu, ambayo hulipoza kasha mara moja hadi nyuzi 20 hivi. Hewa iliyobaki husinyaa kiasi cha sehemu moja kwa nane, na kasha huvuta pumzi. Likivuta wakati maji yametanda juu ya maungio yake, huvuta maji hayo pamoja na hewa. Kwa hiyo si mvua inayosukuma kuingia, bali ni chombo chenyewe kinachokunywa. Kesho yake jua huwaka, maji yanageuka mvuke. Usiku kioo kinapoa, na mvuke huo hujikusanya juu yake kama jasho la mtungi. Asubuhi Katibu anakuta ukungu na kusema, "Mbona jana haikunyesha?"

Watengenezaji wanalijua jambo hili, na ndiyo sababu huacha tundu dogo chini ya kasha, ili hewa itoke na kuingia upande ambao maji hayatandi, na tone likipatikana lidondoke. Tundu hili ndilo ambalo kwetu huzibwa na tope, au na nyigu wajengao kwa udongo, au, na hili linanisikitisha zaidi, na fundi mwenye nia njema aliyepaka gundi kila mahali ili "maji yasiingie". Amezuia maji kutoka. Yatakayoingia kwa njia nyingine yatakaa humo mpaka chuma kiote kutu.

Njia nyingine ni mbili ambazo mara nyingi husahauliwa. Ya kwanza ni vizibo vya mpira vinavyoshika balbu kwa nyuma. Balbu ikiungua hubadilishwa haraka haraka, na kizibo hurudishwa nusu au hupotea. Nimeona pikipiki ya chama yenye kipande cha gunzi mahali pa kizibo. Ya pili ni waya wa spidomita wenyewe. Waya huo hutoka kwenye gurudumu la mbele, na pale chini kuna mpira wa kuzuia maji. Tairi likizibwa pancha na mpira huo ukasahauliwa chini ya mti, tope la barabarani hupata mlango. Waya wa ndani umesokotwa kama kamba, na ukizunguka huweza kupandisha tope na grisi juu kama parafujo. Kwa sababu hiyohiyo, fundi anapotia grisi aitie sehemu ya chini na ya kati tu, aache kama shubiri moja ya juu ikiwa kavu. Wapo wanaoujaza waya wote grisi kwa ukarimu, kisha baada ya miezi miwili mshale unakwenda kwa uzito kama mtu aliyeshiba ugali.

Na hapa niseme neno juu ya mshale, maana ni jambo la kupendeza. Waya hauugusi mshale. Unazungusha sumaku ndogo, na sumaku hiyo huzunguka karibu na kikombe chepesi cha madini bila kukigusa. Nguvu ya sumaku hukivuta kikombe kigeuke, na kamani nyembamba kama unywele hukirudisha. Mshale umefungwa kwenye kikombe hicho. Ndiyo maana tone moja la maji, au pumzi moja ya mafuta ya kupuliza, huweza kuharibu usomaji wote. Kamani ikiota kutu haina dawa. Msimruhusu mtu yeyote apulize mafuta humo kwa kudhani anailainisha.

Sasa Katibu afanye nini anapoona ukungu?

Atazame kwanza ni ukungu wa namna gani. Ukiwa ni mwembamba, unaoonekana alfajiri na kwisha kabla ya saa tatu, na haurudi isipokuwa baada ya usiku wa baridi, huo ni wa kawaida. Hewa yoyote ina mvuke. Aliache kasha lake salama, asifungue kitu, ila ahakikishe tu tundu la chini halijaziba, alisafishe kwa kijiti laini. Zile dashibodi za zamani zenye balbu ya kuwaka kwa waya zilikuwa zikijikausha zenyewe kwa joto la balbu mtu akisafiri na taa zikiwaka. Hizi mpya zenye taa za LED hazitoi joto la kutosha, kwa hiyo ukungu wake hukawia zaidi, na jambo hilo lisiwatishe.

Lakini akiona matone yanayotembea anapoutingisha usukani, au ukungu unaokaa mpaka adhuhuri, au mstari wa maji chini ya kioo, au rangi ya kutu, asingoje. Dashibodi ishushwe siku hiyohiyo. Betri ifunguliwe kwanza, waya wa spidomita ufunguliwe kwa mkono, na kila soketi iwekewe alama kabla ya kuchomolewa. Wengi wenu mna simu zenye kamera. Pigeni picha kabla ya kufungua. Mafundi waliofunzwa zamani hawakuwa na msaada huo.

Kukausha ndiko kunakoharibu zaidi kuliko maji yenyewe, kwa sababu ya haraka. Nimeona dashibodi iliyowekwa juu ya ekizosi ya moto ikajikunja kama chapati. Nyingine ilianikwa kwenye bati saa saba mchana, kioo kikapinda na hakikurudi mahali pake tena. Ikaushwe kivulini penye upepo, chini ya paa, siku mbili au tatu, ikiwa imeinamishwa ili tundu liwe chini. Kina mama waliomo humu wanajua zaidi yangu: michembe haianikwi siku moja ikawekwa ghalani. Ukiifunga kabla haijakauka moyo, utaikuta na kuvu, na utalaumu gunia. Vivyo hivyo dashibodi; kioo hukauka kwanza na kukudanganya, ilhali maji yamejificha nyuma ya bamba la tarakimu.

Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu na ya redio msivitupe. Vimetengenezwa kunyonya unyevu, na vina nguvu kuliko mchele, ambao watu husifu bure. Mchele hunyonya polepole na huacha unga. Wekeni dashibodi ndani ya ndoo kavu yenye mfuniko pamoja na vipakiti kumi au zaidi, kwa siku mbili. Vipakiti vilivyokaa wazi ofisini mwaka mzima vimekwisha kujaa unyevu wa ofisi, havisaidii. Hivyo viwekwe mbali na watoto, wala wasiachiwe kuvichezea.

Wakati wa kufunga, tazameni mpira unaozunguka kioo. Ukiwa umekauka na kupasuka ubadilishwe. Kama haupatikani, fundi huweza kutumia silikoni, lakini si kila silikoni. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba na chuma. Ukiipaka na kufunga, umefungia adui ndani. Itafutwe ile isiyo na harufu hiyo, ipakwe kwenye maungio ya juu na ya pembeni, iachwe usiku kucha ikauke kabla ya kufunga kabisa, na tundu la chini libaki wazi. Kioo kisisafishwe kwa petroli hata kwa kitambaa chenye harufu yake tu, kwani ni plastiki. Kitapata nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Maji na sabuni kidogo yanatosha.

Juu ya kuosha nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndiko wengi mnakokosea. Katika ukanda huu wa dhahabu zimejaa mashine za kuosha kwa maji ya shinikizo, kutoka Kakola kwenye mgodi wa Bulyanhulu mpaka Geita, na kijana mwenye bomba hana habari ya daftari lako la safari. Mwambie asielekeze bomba kwenye dashibodi. Na pikipiki isioshwe mara tu inapotoka juani. Ngoja ipoe kivulini, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Pikipiki ilalayo nje ifunikwe sehemu ya mbele kwa kipande cha turubai kilicholegea, upepo upite chini yake. Zamani watu walivisha dashibodi mfuko wa plastiki na kuufunga kwa mpira. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini hata kabla ya marufuku haikuwa dawa, maana ilifungia mvuke ndani na jua likaupika.

Sasa narudi kwenye vitabu, maana huko ndiko kazi yangu iliko.

Saa ikiharibika, Katibu aandike siku hiyohiyo, katika mstari wake wa daftari, kwamba tarakimu zimesimama kwenye kilomita fulani, apige picha, na amwonyeshe Mwenyekiti au mjumbe mmoja wa Bodi atie sahihi. Asingoje mwisho wa mwezi. Mzee niliyewasimulia alijua kwamba saa yake haisemi kweli, tena alijua tangu Februari, lakini aliendelea kunakili kile alichokiona kwa kuwa daftari lilimtaka anakili. Uaminifu wake wa kunakili ndio uliomtia hatiani. Mngemwuliza angewaambia kwamba hakuona safu ya kuandika neno "saa ni mbovu". Basi safu hiyo iongezwe. Nimewaomba Bodi za vyama ninavyovikagua zipige mstari mmoja zaidi pembezoni, kichwa chake "Hali ya saa", na Katibu aandike kila asubuhi neno moja: safi, ukungu, matone, au imesimama.

Tena kila chama kiwe na orodha ya umbali. Siku moja ya kiangazi, kwa pikipiki ambayo saa yake imethibitishwa, Katibu na mjumbe mmoja wapite kutoka ofisini hadi kila kijiji cha wanachama, waandike kilomita, na orodha ipitishwe na Bodi na kubandikwa ukutani. Saa ikifa, safari huandikwa kwa orodha hiyo. Haitakuwa sahihi kwa nukta, kwa sababu mvua hukata njia na mtu huzunguka, lakini itamwokoa Katibu mkweli, na itambana asiye mkweli pia. Ninyi mnajua kwamba wako vijana wanaochomoa waya wa spidomita makusudi ili pikipiki ionekane mpya au ili safari zao za usiku zisihesabiwe. Mkaguzi hana budi kutofautisha waya uliochomolewa na saa iliyozama, na bila orodha ya umbali pamoja na safu ya hali ya saa hawezi. Mimi sikuweza.

Dashibodi mpya ikifungwa, tarakimu za mwisho za ile ya zamani na za kwanza za ile mpya ziandikwe katika mstari mmoja wenye sahihi mbili, na ile ya zamani ihifadhiwe stoo mpaka ukaguzi upite. Kama ile ya mwaka 2016 ingetupwa, hadi leo ningekuwa naamini kwamba mzee yule aliiba.

Nimeulizwa na ndugu mmoja kabla ya kikao hiki kama haya yote yanahusu pia mizani ya kupimia pamba, maana nayo hupata ukungu ndani ya kioo, na siku hizi zimeingia za kidijitali ambazo nazo huogopa maji. Ukungu ni uleule, na sababu ni ileile, lakini mkono wenu ukomee hapo. Dashibodi ya pikipiki ni mali yenu, mnaweza kuifungua. Mizani imefungwa lakiri na Wakala wa Vipimo, na aliyekata lakiri hiyo, hata kwa nia ya kukausha tone moja, amevunja sheria na amewapa wakulima wote haki ya kutilia shaka kila kilo iliyopimwa. Ikiwa na ukungu isitumike. Iandikwe, iwekwe pakavu, na aitwe mwenye lakiri. Afadhali foleni ya siku mbili kuliko msimu wa manung'uniko.

Ndugu Mwenyekiti, fundi tuliyemwalika atakuwa hapa kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda, kwa sababu jua likipanda ukungu utakuwa umejificha. Makatibu mliokuja na pikipiki za vyama msizifunike usiku huu, ziacheni wazi nje ya ukumbi, mlinzi amekwisha kuambiwa. Kila mmoja aje na daftari lake la safari na kijiti. Tutaanza na ile iliyoegeshwa chini ya mwembe, ambayo nimeiona nilipokuwa nikiingia, na ambayo Katibu wake anajua kwa nini.